Neno "Bibi" kwenye Ukuta wa Garland

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuchora kuta za mitaani sikushika brashi. Nilikabidhiwa bomba la maji ya presha, buti za mpira zilizonizidi miguu, na ukuta mrefu wa matofali uliojaa masizi na utando wa buibui. Ilikuwa Euless, jimbo la Texas, mwaka 2017, kwenye kichochoro kinachopita kati ya nyumba za kupanga na migongo ya maduka, karibu sana na uwanja wa ndege. Niliosha tangu asubuhi mpaka jioni. Niliporudi nyumbani nimelowa chapachapa, binti yangu Zuhura, ambaye ni muuguzi, aliniuliza nimechora nini. Nikamwambia nimechora maji.

Nilikuwa naukaribia umri wa miaka sitini, umri ambao wenzangu wengi Morogoro walikuwa wameshapumzika. Huko Morogoro niliishi kwa kuandika mabango: saluni, mashine za kusaga, maduka ya dawa, na hoteli zilizotaka kuku achorwe mnene kuliko wale waliokuwa jikoni. Nilikuja Texas kumsaidia Zuhura kulea, watoto wakakua, nikaingia kazi ya usafi. Kisha nikamwandikia rafiki yangu bango la duka lake la vyakula vya kwetu. Mwanamke mmoja Mkenya aliingia humo kununua unga, akasimama mlangoni akizitazama herufi, akauliza ni nani aliyeziandika. Huyo ndiye aliyekuwa Mratibu wa Jamii katika mradi wa kuchora vichochoro, na ndiye aliyeniingiza kazini. "Mathe," aliniambia siku hiyo, yaani mama kwa lugha ya mitaani ya kwao, "hiyo mkono yako haifai kushika mop. Kuja tu, nita-talk na wakubwa."

Vijana wanaoniuliza habari za kazi hii hudhani mtu anapanda juu na kuanza kuchora. Sivyo. Kwanza ukuta unaoshwa na kuachwa ukauke. Kisha unakwanguliwa kwa skrepa pale rangi ya zamani ilipobanduka, unapigwa msasa, unazibwa nyufa. Halafu inakuja praima, ile rangi ya kwanza inayoshika matofali ili rangi nyingine zote ziishike yenyewe. Baada ya hapo unavutwa uzi wa chaki kutoka pembe hadi pembe, unaukaza, unaupiga, unaacha mstari wa buluu ulionyooka. Mistari hiyo ikikatana inafanya miraba tunayoiita gridi, na mchoro ulio kwenye karatasi unahamishwa ukutani mraba kwa mraba. Kwenye kuta za barabara kubwa wengine hutumia taa ya kurushia picha, lakini kichochoroni hakuna nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa gridi.

Mkubwa wetu tulimwita Kiongozi wa Kikosi. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Houston, mpana wa mabega na mchache wa maneno, aliyechora kuta tangu ujana wake. Alisema Kiingereza tu, nami hapa nayageuza maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka. Siku hiyo ya Euless nilimwonyesha michoro yangu ya maua niliyokuja nayo mkobani, nikitumaini kupandishwa cheo kabla ya chakula cha mchana. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia. "Usiniletee picha, Mama," alisema. "Niletee ukuta mkavu." Nilikasirika wiki nzima, na sikumwambia mtu isipokuwa Zuhura, ambaye alicheka.

Kituo cha pili kilikuwa Houston, baada ya yale mafuriko makubwa ya mwaka huo. Tulipelekwa kwenye kichochoro cha nyuma ya maduka ambako maji yalikuwa yameingia na kutoka, yakaacha mstari wa tope kimo cha kiuno changu. Ukuta uliolowa hivyo hutoa unga mweupe juu ya matofali. Mafundi huuita chumvi, na kwa kweli ni chumvi iliyokuwa ndani ya tofali na udongo wake, maji yanaivuta nje yanapokauka. Ukiifunika kwa rangi, inasukuma rangi kutoka ndani mpaka itoke vipande vipande. Mkurugenzi wa Mradi, bwana mmoja wa ofisini mwenye suti nyepesi, alikuja akataka tuanze mara moja kwa kuwa wageni wa uzinduzi walikwisha alikwa.

"Ukuta unaonekana mkavu," alisema Mkurugenzi.

Kiongozi alipitisha kiganja ukutani, akakigeuza kumwonyesha kilivyokuwa cheupe. "Bado unalia," akajibu.

"Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie waje kuona watu wakipiga brashi ya waya. Ni kazi nzuri kutazama."

Tukapiga brashi ya waya, tukangoja, tukapiga tena. Unyevu wa Houston nao una vitimbi vyake. Rangi unayoipaka asubuhi bado inakushika kidole mchana. Kule Dallas ni kinyume, jua la kiangazi linakausha rangi ya akriliki juu ya brashi kabla haijafika ukutani, hivyo mtu anachora akikifuata kivuli, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Yote hayo nilijifunza kwa kukosea. Wageni walikuja baadaye, wakapiga picha, na ukuta haukubanduka muda wote niliokuwa nikisikia habari zake.

Kituo cha tatu, DeSoto, ndicho kilichoniondoa kwenye bomba la maji. Kiongozi alihitaji maandishi marefu juu ya picha ya wanawake wa kwaya, na mwandishi wake alikuwa mgonjwa. Nikachukua fimbo yangu ya kuegemezea mkono, ile yenye kitambaa kwenye ncha ili isikwaruze, nikaandika mstari mzima bila kugusa gridi. Alisimama nyuma yangu hadi nikamaliza. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. Nilimkumbusha habari ya picha za maua. Tangu siku hiyo nikawa Mwandishi wa Kikosi, na bomba la maji wakapewa wenye migongo mipya.

Sasa nifike Garland, maana ndiko ninakoulizwa zaidi. Garland iko kaskazini mashariki ya Dallas, mji wa viwanda na maghala, ambako kodi ilikuwa inavumilika. Kulikuwa na nyumba za kupanga zilizojaa watu wetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, pamoja na Wameksiko na Wamarekani Weusi. Nyuma yake palikuwa na kichochoro cha makontena ya taka. Watu walitupa humo magodoro na makochi, na wazazi waliwakataza watoto kupita. Aliyeanza kukibadilisha kichochoro hicho hakuwa mradi wala kamati. Alikuwa mama mmoja mjane kutoka Uvira, Kongo, aliyeitwa Mama Furaha. Alitoa kiti chake cha plastiki, akakiweka pale kivuli kinapoangukia, akawa anachambua maharage huku akiwatazama watoto wanaoshuka basi la shule wakati wazazi wao wako kazini. Wengine wakaleta viti vyao. Mmeksiko mwenye duka la mikate akatoa benchi. Magodoro yakaacha kutupwa, kwa sababu si rahisi kutupa godoro mbele ya mwanamke anayekutazama usoni na kukusalimia.

Desturi ya kikosi chetu ilikuwa kukaa kwanza. Kabla ya kuchora tulibeba viti, tukaketi kichochoroni siku kadhaa kuona nani anapita, nani anasimama, na jua linafika wapi. Tulipokaa Garland hatukuhitaji kujadiliana. Kila mtu aliyepita alipita kwa Mama Furaha. Kiongozi akasema picha itakuwa ya mama huyo, amekaa, bakuli la maharage mapajani, kimo cha ghorofa nzima. Alikuwa na sharti lake kwamba mtu hachorwi bila ridhaa yake, kwa hiyo tulimwomba, na baada ya kucheka sana na kuuliza kama tutampunguza tumbo, akakubali.

Maneno ya kuandikwa chini ya picha yaliachiwa Kamati ya Wakazi. Mwenyekiti wake alikuwa Mtanzania mwenzangu, mfamasia wa Dodoma, mtu mwema, lakini mwenye ugonjwa wa kusahihisha Kiswahili cha wengine hata msibani. Kamati ilikutana jioni. Wakongo wa pale wengi walifanya zamu ya jioni kwenye maghala, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo. Mratibu, ambaye angeweza kututoa gizani, alikuwa Houston kwa kazi nyingine. Mwenyekiti akanijia na neno likiwa tayari.

"Mama Zuhura, tumeamua," alisema. "Andika BIBI YETU SOTE. Kubwa kabisa. Tunataka iwe surprise kwake, watu waji-feel wako nyumbani."

Niliona ni maneno mazuri. Kwetu bibi ni mama wa mama au mama wa baba, na ni jina la heshima kwa mwanamke yeyote mwenye mvi. Watoto wa Kitanzania wa nyumba zile walimwita hivyo mbele yake, naye aliitika, akichukulia ni utoto na ugeni. Nikavuta uzi wa chaki, nikaandika herufi nene za rangi ya ndizi mbivu zenye kivuli cha kahawia, nikazipaka vanishi ya kinga. Zilikuwa herufi bora kuliko zote nilizopata kuandika Marekani, na hilo nalisema bila kujisifu sana.

Tuliondoa turubai lililouficha ukuta Jumamosi. Kichochoro kilijaa. Watanzania walipiga makofi na vigelegele. Wakongo walitazama juu, wakatazamana. Kisha kijana mmoja wa Kikongo akaangua kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake, naye mwenzake akacheka. Mama Furaha alikuwa amesimama mbele, amevaa kitenge kipya. Niliona midomo yake ikisoma polepole. Mwanzoni uso wake ulifunguka ghafla, kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Halafu ukajifunga. Akachukua kiti chake cha plastiki, akaingia nacho ndani. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba mama wa watu amezidiwa na furaha.

Siku zilizofuata hakutoka. Kivuli kiliangukia pale pale, kiti hakikuwepo. Watoto waliposhuka basi walisimama kidogo, wakaingia ndani. Kabla ya wiki kwisha mtu alikuwa ameshatupa kochi.

Ndipo akaja Bahati, mwanawe wa kwanza, mfanyakazi wa ghala. Alinikuta nakunja vifaa. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Shikamoo, Mama. Ni wewe uliandika pale?"

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu."

"Sasa kwa nini munatukana mama yangu mbele ya batu? Bibi yetu sote? Kazini bananiuliza eti mama yako iko na mabwana ngapi."

"Mabwana tena? Bibi si mama wa mama yako?"

"Non, Mama. Bibi ni mke! Kwetu, bibi ni mwanamke mwenye kuolewa. Muliandika mama yangu ni mke wa batu bote. Na yeye ni mjane."

Nilitazama juu, nikazisoma zile herufi kwa masikio yake, na kila moja ilikuwa kimo cha mtoto. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kazini. Bahati akaendelea kwa upole ule ule kwamba maneno yasipotoka atapeleka malalamiko ofisini kwa meneja wa nyumba. Sote tulijua maana yake. Meneja alikubali ukuta uchorwe kwa sharti kwamba asisikie lalamiko, na akilisikia atapiga ukuta wote rangi ile ile ya maziwa yaliyochacha aliyopaka kuta nyingine. Lakini kwa kweli ukuta ulikuwa jambo dogo. Mwanamke aliyekaa kwa heshima yake miaka yote ya ujane alikuwa anashindwa kutoka mlangoni kwake, na sisi ndio tuliomfungia.

Mratibu alirudi kutoka Houston siku ya pili yake. Aliteremka garini, akasoma ukuta, akaegemea mlango wa gari akicheka mpaka machozi. "Mathe! 'Wife wetu sote'? Ai, kwani hamkuniuliza?" Hata kwao Kenya, bara, bibi ni mke. Nilipomweleza kuhusu Mama Furaha, kicheko kilimkatika pale pale.

Kikao kilifanyika kichochoroni, tumesimama, Mwenyekiti na Bahati wakiwemo. Mratibu alipendekeza NYANYA YETU, maana kwao mama wa mama ndiye nyanya.

"Nyanya?" Mwenyekiti alishika kichwa. "Dada yangu, tumchore mama wa watu halafu tumwite nyanya ya kachumbari?"

"Basi Koko," alisema Bahati. "Batoto ba kwetu banamuita Koko, kama mama ya mama yao."

Mimi na Mwenyekiti tulitazamana. "Mwanangu," nikamwambia, "kwetu koko ni mbwa asiye na mwenyewe."

Bahati aliniangalia kuona kama nafanya mzaha. Alipoona sifanyi, tabasamu lilimponyoka, la kwanza tangu nimfahamu. Kiongozi wa Kikosi alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi akitufuatilia kwa macho tu. Akaniuliza nimfasirie. Nikamwambia kwamba watu wote hapa wanazungumza Kiswahili, na wote wanataka kumwita mama huyu jina la heshima, ila neno la kwanza ni mke, la pili ni tunda la saladi, na la tatu ni mbwa. Alivua kofia, akajikuna.

"Hakuna kati yenu aliye ukutani," alisema hatimaye. "Aliye ukutani yuko mlango ule. Nenda kamuulize, Mama. Mkono ulioandika ni wako."

Nilikwenda peke yangu. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akanipa chai ya maziwa kabla sijasema neno, nami nikaona ni vibaya zaidi kuliko kama angenifukuza. Nikamwomba radhi. Nikamweleza maana ya bibi kwetu Tanzania, na kwamba hakuna aliyekusudia kumvunjia heshima. Alisikiliza akizungusha kikombe.

"Ile nilisha kuelewa," alisema. "Bahati alinieleza. Siko na kasirani na weye."

"Basi mbona hutoki, dada yangu?"

Aliweka kikombe chini. Kisha akanisimulia, bila kubadilisha sauti, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Mumewe aliitwa Sadiki. Walipokimbia vita, walitembea na watoto usiku na mchana, na mahali fulani Sadiki alirudi nyuma kumchukua mama yake mzee aliyeshindwa kutembea. Hakuonekana tena. Walingoja, wakavuka, wakangoja kambini miaka, wakaletwa Amerika.

"Kaburi yake siijue," alisema. "Hata sijue kama iko. Na katika dunia hii ni yeye peke yake alikuwa ananiita bibi. Asubui, 'Bibi.' Akirudia kazini, 'Bibi, uko?' Ile siku munaondosha turubai, nikasoma ile neno ya kwanza. B, I, B, I. Roho yangu ikaruka. Nikasema, ni yeye. Kisha nikasoma mbele."

Nilikunywa chai yangu. Baada ya muda nikamuuliza kama tufute maneno yote, tuache picha peke yake.

"Hapana," alisema. "Futeni yetu sote. Bibi, iache. Andika Bibi ya Sadiki."

Niliporudi na jibu, Bahati aligeuka akatazama ukuta mwingine kwa muda mrefu. Mwenyekiti alitoa leso, akajifuta uso, akajikohoza, na maradhi yake yakamrudia. "Ni maneno mazito," alisema. "Ila kisarufi, Mama Zuhura, bibi ni kiumbe. Ingefaa iwe 'Bibi wa Sadiki'."

"Mwenyekiti," nikamwambia, "Sadiki hakumwita kwa sarufi."

Kwa haki nitamsifu kwamba hakulirudia tena.

Kufuta herufi si kuzipaka rangi juu. Ukifanya hivyo, jua likiukata ukuta kwa upande, herufi za zamani zinajitokeza kama uvimbe chini ya rangi mpya, na tunakiita hicho kivuli. Nilipiga msasa mpaka vanishi ikatoka, nikasawazisha, nikarudia praima, kisha nikapaka upya ukanda wote wa chini kutoka mwisho hadi mwisho, ili pasiwe na kiraka. Sikutaka mtu yeyote, kwa jua la saa yoyote, asome tena maneno yale mawili. Neno BIBI sikuligusa. Kiongozi alijitolea kunishikia ndoo, jambo ambalo halikuwa kazi ya cheo chake. Nilipomaliza YA SADIKI, aliuliza Sadiki ni nani. Nikamwambia. Akaenda kuosha brashi zangu.

Hatukufanya sherehe ya pili. Asubuhi iliyofuata Mama Furaha alitoka na kiti chake, akakiweka kivulini, akaanza kuchambua maharage chini ya picha ya yeye mwenyewe akichambua maharage. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, na sioni sababu ya kulificha. Bahati na wenzake waliliondoa lile kochi.

Watanzania wa pale wanasoma ukuta ule kwa njia yao hadi leo. Wanapiga picha mbele yake na kuuliza huyo Sadiki ni mjukuu gani aliyempenda bibi yake kiasi hicho. Wakongo na Wakenya wanasoma vingine. Mwanzoni nilijaribu kuwasahihisha wenzangu, kisha nikaacha. Kila mtu anasoma heshima.

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, kazi za vikosi zilisimama, na mimi nikaona magoti yangu yamepata udhuru yaliokuwa yanautafuta. Nikastaafu. Zuhura alikuwa kazini hospitalini siku nyingi kuliko nyumbani, nami nikarudia kazi iliyonileta, ya kupika na kungoja. Kiongozi wa Kikosi alinipigia simu kunishukuru, akasema maneno machache kama kawaida yake, na alipokata nilikaa na simu mkononi kitambo. Ukuta wa Euless niliouosha siku ya kwanza nasikia umekwisha pakwa upya na wengine. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mchoro wa kichochoroni unakaa miaka michache, jua linaula, jengo linauzwa, anakuja kijana mwenye gridi yake. Anayetaka kazi ya kudumu achonge mawe. Mimi nawaambia vijana wajali zaidi nani anakaa chini ya ukuta, kwa sababu huyo ndiye atakayeusoma kila siku, na wamuulize kabla ya kuchovya brashi.

Mwishoni mwa mwaka huo Zuhura alinipeleka Garland. Viti vya kichochoroni vilikuwa vimetengana, watu wamefunika pua na midomo, lakini walikuwepo. Mama Furaha alinitambua kwa mwendo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alisema, na daktari alikuwa amemwambia angoje zamu ya kutibiwa. Alikuwa na wasiwasi kama jua limeshaanza kula herufi.

Nilizitazama. Zilikuwa nzima, nikamwambia hivyo.

"Soma nisikie," akasema.

Nikasoma kwa sauti, taratibu, kama zilivyoandikwa: "Bibi ya Sadiki."

Akaitika, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.